Picha 612 za Mawe na Jina Moja Lililopotea

Leo naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwezi wa nane mwaka jana, mimi na marafiki zangu watatu tulitoka hapa Osiri tukaenda kutembea Thimlich Ohinga. Kwa siku hiyo moja nikapiga picha 612. Hiyo hesabu sijaitunga, nilihesabiwa na simu yenyewe pale memori ilipojaa ikakataa kuendelea.

Kama hujawahi kufika Thimlich, ni ngome ya mawe iliyoko huku kwetu Migori, kama kilomita 46 kutoka mjini. Inakadiriwa ilijengwa karne ya 16. Kuta zake ni za mawe matupu yaliyopangwa bila udongo wala saruji, na kuna mahali zinapita mita 4 kwenda juu. Watu waliishi humo ndani na mifugo yao, salama. Mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Yaani mahali ambapo Mzungu anapanda ndege kuja kuona, sisi tunafika kwa boda na jioni tuko nyumbani.

Na mimi nilikuwa hapo saa nne nzima. Nilipiga ukuta kutoka kushoto, nikaupiga kutoka kulia. Nikapiga mlango, nikajipiga mlangoni, nikarudia kwa sababu jua lilikuwa usoni. Mzee aliyetutembeza alikuwa anaeleza mambo mazito sana, nami niliitikia "eeh, eeh" huku macho yangu yako kwenye kioo cha simu.

Jioni nikampelekea dani simu aone. Dani ni bibi yangu, mama mzaa baba, na ana miaka zaidi ya 80. Nikamwonyesha namna ya kusukuma picha kwa kidole. Akaanza polepole. "Mawe," akasema. Akasukuma. "Mawe. Wewe. Mawe. Wewe tena. Mawe." Alipofika kama picha ya 40 akaniangalia.

"Nyakwara, huko hakuna watu?"

Nikamwambia wapo, kulikuwa na mzee mmoja aliyetueleza kila kitu. Akauliza mzee huyo ni wa ukoo gani. Sikujua. Akauliza jina lake. Aliwahi kulitaja, lakini nilikuwa narekodi ukuta. Kisha akauliza swali lililonimaliza kabisa: "Ule mlango mbona mdogo hivyo? Watu waliingiaje?"

Jamani, nina picha 58 za ule mlango. Nilishindwa kumjibu.

Dani hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Ndani yake kulikuwa na picha moja, nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mchwa. Wanaume wanne wamesimama wamejipanga, mmoja ameshika kofia kifuani. Aliyeshika kofia ni kwaro, babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Nyuma yao kuna kibanda cha mabati. Walikuwa wafanyakazi wa mgodi wa Macalder, ule wa dhahabu na shaba uliofungwa mwaka 1966. Dani anasema picha ilipigwa mwaka mmoja hivi kabla ya kufungwa.

Hiyo ndiyo picha pekee ya babu yangu duniani. Hana nyingine.

Nikamuuliza dani hao wengine ni nani. Wa kwanza akamtaja haraka, na kijiji chake, na aliyemuoa. Wa pili vilevile. Wa tatu akanyamaza. Akaisogeza picha karibu na taa, akaisogeza mbali. "Huyu alitoka Kadem," akasema. "Alikuwa anacheka sana. Alikuja kwenye harusi yetu na jogoo. Jina... jina limenikimbia."

Nikageuza picha. Nyuma hakujaandikwa kitu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za kamera, na nataka kukueleza nilichokipata, kwa sababu nadhani sisi vijana wa kutengeneza maudhui tumekosea mahali.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888, Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera aliyoipa jina Kodak. Ilikuwa kisanduku chenye filamu ya picha 100 tayari ndani, na bei yake dola 25, hela nyingi sana wakati huo. Ukimaliza zile 100, unakirudisha kisanduku chote kiwandani Rochester, unalipa dola 10, wanakuoshea picha na kukuwekea filamu mpya. Mwaka 1900 kampuni hiyohiyo ikatoa Brownie, kamera ya dola 1 tu, ambayo filamu yake ilikuwa ya picha 6. Watu wa kawaida Ulaya na Marekani wakaanza kusafiri na kamera. Lakini ona hiyo hesabu: sita. Mtu ana picha sita mkononi, atafikiri kabla ya kubonyeza.

Huku kwetu kamera ilikuja ikiwa mikononi mwa wageni. Maafisa wa Mwingereza, wamisionari, wawindaji. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa nne mwaka 1909 kwa safari kubwa ya kuwinda, na mwanawe Kermit ndiye aliyekuwa mpiga picha wa msafara. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu kikiwa na picha hizo. Ndiyo namna watu wengi wa mbali walivyoanza kuijua nchi yetu: simba aliyeuawa, na bwana mkubwa amesimama kando yake na bunduki.

Sasa hapa ndipo wengi husema, "Unaona, watu wa zamani walikuwa wanachagua vizuri." Mimi sikubaliani na hilo moja kwa moja. Ni kweli walichagua, ila filamu yao ilikuwa chache, na kila mmoja alichagua kile alichokuja kutafuta. Aliyekuja kutafuta tembo alirudi na tembo. Aliyekuja kutafuta "kabila" alirudi na watu waliovaa mapambo. Aliyewapikia, aliyewabebea hiyo kamera, aliyewaonyesha njia, mara nyingi anaonekana pembeni tu, nusu mwili, bila jina. Kwa hiyo uchache wa picha peke yake haukuwafanya wawe waungwana.

Kuna kisa kimoja kilichonigusa kwa sababu ni cha Wajaluo. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alikuja Nyanza akakaa wiki chache tu kuchunguza maisha ya Waluo. Alipiga picha pia. Picha hizo leo ziko Oxford, kwenye jumba la makumbusho liitwalo Pitt Rivers. Fikiria: sura za watu wa Nyanza zimekaa ndani ya makabati ya Uingereza miaka 70, na wajukuu wao huku hawajui hata kama zipo.

Mwaka 2007 mtafiti Gilbert Oteyo, pamoja na Christopher Morton wa makumbusho hayo, walileta nakala za picha za zamani za Waluo zikaonyeshwa huku Nyanza. Maonyesho yaliitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka mambo ya kale. Nimefikiria sana siku zile. Mzee anatembea kwa fimbo, anasimama mbele ya picha, anatafuta. Hatafuti ufundi wa picha. Hajali mwanga ulitoka upande gani. Anatafuta sura, na anatafuta jina. Picha ambayo haikuandikiwa jina inabidi ingoje mtu mmoja mwenye kumbukumbu, na kila mwaka watu wa namna hiyo wanapungua.

Hapo ndipo nikamwelewa dani na bahasha yake.

Baadaye kamera ilifika mikononi mwetu wenyewe. Wazazi wetu wanakumbuka wapiga picha wa mtaani, wale wa kuzunguka sokoni na kanisani na kamera shingoni. Filamu ilikuwa na picha 36. Mpiga picha hakuweza kwenda mjini kuosha filamu kabla haijaisha, kwa hiyo ungepigwa leo na uione picha baada ya wiki tatu, na wakati mwingine uambiwe imeungua. Ndiyo maana kwenye picha za zamani watu hawachezi. Wamechana nywele, wameazima saa, wameweka redio magotini. Ilikuwa hela, na ilikuwa nafasi moja.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kwanza isiyotumia filamu. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena picha yenyewe ukungu mtupu. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kwa Kodak wenyewe ukaja kuwa mlango wa kutokea: Januari 2012 kampuni hiyo iliomba kinga ya kufilisika mahakamani. Leo mtoto wa darasa la saba hapa Osiri ana simu inayoweza kupiga picha nyingi kwa siku moja kuliko alizopigwa ukoo wake wote kwa miaka 50.

Na bado babu yangu ana picha moja, na dani wangu je? Usiku ule niliingia kwenye simu nikatafuta. Nina picha karibu 7,000. Za dani nilipata nne. Tatu kati ya hizo zilipigwa kwenye matanga, na yeye yuko nyuma, amefunikwa na mtu mwingine. Ya nne amefumba macho. Nikaona aibu, manze. Mimi ndiye mpiga picha wa hii familia.

Rafiki yangu mmoja tuliyekwenda naye Thimlich ananipinga. Anasema: "Bro, kupiga ni bure, kufuta ni bure. Piga zote, utachagua nyumbani." Ni hoja nzuri, nami niliishi kwayo. Lakini niulize: ni lini ulikaa nyumbani ukachagua? Mimi sijawahi. Picha 612 ni kazi ya usiku mzima, na kesho yake kuna nyingine 200. Kwa hiyo hazichaguliwi. Zinakaa pale mpaka simu inaibwa au inaanguka majini, na hapo zinaondoka zote, mbaya na nzuri pamoja.

Tena si bure kama tunavyodhani. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel. Aliwatembeza wanafunzi kwenye jumba la makumbusho, akawaambia vitu fulani wavipige picha na vingine wavitazame tu. Kesho yake akawauliza maswali. Vile walivyovipiga picha nzima nzima walivikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama tu kwa macho. Ni kama akili iliiachia kamera kazi. Lakini kuna jambo moja zaidi: waliosogeza kamera na kupiga sehemu moja tu ya kitu hawakupoteza kumbukumbu namna hiyo. Wao walikuwa wamelazimika kuamua, "Hapa ndipo pa kuangalia."

Hilo ndilo jibu la ule mlango wa Thimlich. Nilikuwa nao 58 kwenye simu na sufuri kichwani.

Sasa nigeuze upande wa pili, kwa sababu sisi wa Osiri pia tunapigwa picha. Kila anayeijua Osiri anajua ni machimbo ya dhahabu. Wageni huja na kamera kubwa. Wanapiga mashimo, wanapiga mikono ya akina mama wanaoponda mawe, wanapiga mtoto mwenye tope usoni. Saa mbili, wamepanda gari, wameondoka. Jirani yetu mmoja aliwahi kupigwa hivyo zaidi ya mara 20 kwa asubuhi moja, na hakuna aliyemuuliza jina. Aliniambia, "Walinipiga kama mnavyopiga mbuzi." Nilicheka aliposema. Halafu nikakumbuka yule mzee wa Thimlich, niliyemwitikia "eeh, eeh", nikaacha kucheka. Nilimfanyia kilekile.

Kwa hiyo ninaposema tuchague, sizungumzii tu urembo wa ukurasa wako. Najua picha chache nzuri zinapendeza kuliko mia zinazofanana. Hilo linajulikana. Nasema kwamba kila safari unaamua nani atakumbukwa. Evans-Pritchard aliamua. Kermit Roosevelt aliamua. Yule mpiga picha wa Macalder aliyewapanga wanaume wanne mbele ya kibanda aliamua, na kwa hilo namshukuru, ila angekuwa na penseli tu!

Mwezi wa kumi na mbili nilirudi Thimlich. Safari hii nilijiwekea sheria: picha 12, basi. Nilichagua 12 kwa sababu kamera nyingi za zamani za picha za mraba zilikuwa na filamu ya picha 12. Saa ya kwanza simu ilikaa mfukoni. Nilimtafuta yule yule mzee, nikamsalimia vizuri, nikamwomba msamaha kwamba mara ya kwanza sikumsikiliza. Akacheka, akasema wengi hawasikilizi.

Nikamuuliza kuhusu mlango. Akaniambia niingie kwanza, halafu niulize. Nikainama, nikapita, magoti yamepinda na kichwa mbele. Nilipoinuka ndani alikuwa amesimama juu yangu. "Sasa mimi ni mwenyeji na wewe ni adui," akasema. "Umeingia kichwa kwanza, mikono iko chini. Nani ana nguvu?" Sitalisahau hilo mpaka nife, na sikulipiga picha.

Nilirudi na picha 11. Moja ni ya mzee huyo kwenye mlango, ameikubali mwenyewe na ameisema nimwandike jina lake na ukoo wake, nami nimeandika. Moja ni ya pale mawe yanapokutana bila chochote cha kuyashika, nimesogea karibu kabisa. Moja ni ya vishimo vya ajua kwenye mwamba, kwa sababu dani alikuwa bingwa wa ajua ujanani na nilijua ataipenda. Nyingine nane sitazitaja zote. Kila moja naweza kukueleza kwa nini niliipiga, jambo ambalo nisingeweza kulisema kwa hata moja katika zile 612.

Picha ya 12 niliiacha makusudi. Nilipofika nyumbani nikamwambia dani imebaki moja, ni yake. Akakataa kupigwa hivyo alivyo. Akaenda kubadilisha kitambaa cha kichwa, akavaa gauni la kanisani, akaniambia nitoe kiti kilichovunjika kisionekane. Tukasubiri jua lishuke kidogo. Alikaa, akashika ile bahasha ya kaki magotini, akanitazama moja kwa moja. Nikabonyeza mara moja tu. Nimeichapisha mjini, na nyuma nimeandika kwa kalamu: jina lake kamili, jina la baba yake, Osiri, na tarehe.

Ile picha ya Macalder nayo imeandikwa. Majina matatu yako nyuma. La nne nimeliachia nafasi, nimeandika tu: wa Kadem, alikuwa anacheka sana, alileta jogoo. Ukiwa na mzee kwenu Kadem aliyefanya kazi Macalder kabla ya 1966, nakuomba umuulize. Na ukimaliza kumuuliza hilo, mwombe akuonyeshe picha zake yeye, uzigeuze uone kama nyuma kumeandikwa. Nenda na penseli.